Karibu Moja, Mtu Mmoja

Hapo zamani, na msinitolee macho, kwa watu wa simu kama nyinyi mwaka juzi ni zamani, palikuwa na nchi iitwayo Limbuko. Ilikuwa nchi ya ndani ya mchezo. Mnaijua. Mliicheza, mkaichoka, mkaifuta, mkahamia mchezo mwingine wenye magari. Basi leo nawaambia mlichokiacha huko, na atakayenikatiza namtoa nje.

Wenyeji wa Limbuko waliwaita wachezaji "wageni". Na wageni gani hao! Mgeni alitokea ghafla katikati ya sebule ya mtu. Hakubisha hodi. Hakuuliza hali. Alifungua kabati, akala mkate, akapanda kitandani na viatu, akavunja mitungi yote akitafuta dhahabu, akaruka dirishani akaenda zake. Hata kwaheri hakusema. Wewe hapo unayecheka, wewe ndiye hasa ninayekusema.

Kwa kuudhiwa huko, wenyeji wakashika adabu mpaka adabu yenyewe ikawa maradhi. Hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila hodi. Unabisha ya kwanza, kimya. Unabisha ya pili, kimya. Unabisha ya tatu, kimya. Basi, unageuka unakwenda zako, maana hodi ya nne ni fujo, ni mambo ya wageni. Na milango yao nayo ilifuata ada: karibu moja, mtu mmoja. Wa ndani akiitikia, mlango hufunguka, humpitisha mmoja, hujifunga, na haufunguki tena mpaka aliyeingia akae chini na anywe maji. Likumbukeni hilo. Sitalirudia, kwa sababu kila nikilisema presha inanipanda.

Sasa, katika mji wa Limbuko alikuwapo mwanamke jina lake Mize, na binti yake mdogo, Zaina. Waliotengeneza mchezo, sijui walikuwa na moyo gani, walimpa mtoto huyo homa. Ndiyo iliyokuwa kazi yake duniani: kuumwa, ili mgeni akamtafutie dawa milimani apate pointi. Mgeni akileta dawa, Zaina anainuka, anacheka, anaomba uji. Akija mgeni mwingine, Zaina anarudi kitandani kuumwa upya, na mama yake anarudi kumpangusa jasho upya. Nyinyi mnaita burudani.

Halafu wageni wakaanza kupungua. Wa mwisho kabisa alifika na dawa mkobani, Zaina akiwa amelala anatetemeka. Langoni alisimama Pandu, mlinzi wa mji. Pandu alimjua mgeni yule. Asubuhi yake alimwona akitoka, wakapungiana mikono. Lakini zamu ni zamu.

"Simama! Nani wewe?"

Mgeni akajibu.

"Watoka wapi?"

Mgeni akajibu.

"Waenda kwa nani?"

Mgeni akajibu, ila akasahau kuinama kama ilivyotakiwa. Pandu akaanza tena toka mwanzo. "Simama! Nani wewe?"

Mgeni akasonya, akazima simu. Akatoweka palepale, na dawa ikatoweka naye. Hakurudi. Hakurudi mgeni yeyote tena. Mize alipokuja langoni kulia, mnajua Pandu alimwambia nini? "Hakuinama, Bi Mize." Jamani, hakuinama!

Zaina akabaki na homa isiyokuwa na wa kuiondoa.

Na pasipotembelewa na wageni, Limbuko ikaanza kuwa nyeupe. Si weupe wa chokaa, ni weupe wa kutokuwapo kitu. Mashamba yakaenda. Mto ukaenda. Majirani waliokaa nje ya lango wakaenda, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa katikati ya maneno. Ukabaki mji, na ndani yake wakabaki Mize na binti yake, Pandu langoni, na mfinyanzi mmoja mkali aitwaye Vuai. Weupe ulisimama nje ya lango kwa sababu ya Pandu. Aliumbwa asipitwe na kitu akiwa langoni pake. Kwa hilo tumshukuru, maana kwa jingine sina la kumshukuru.

Ndani ya mji kulikuwa na kilima, na juu ya kilima kulikuwa na maktaba.

Maktaba hiyo wageni waliihangaikia sana. Waliujia mlango wake na mashoka, haukufunguka. Waliujia na baruti, haukufunguka. Waliujia na funguo za dhahabu za kila namna, haukufunguka. Wakaandika huko mitandaoni kwamba maktaba ya Limbuko ina laana, imehamwa, haiingiliki. Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyefikiria kubisha hodi.

Wenyeji, kinyume chao, walibisha. Tena vizuri. Walipanda ngazi, wakabisha mara tatu, wakashuka. "Hamna mtu," wakasema. "Imehamwa." Na walijua fika kilichomo! Humo umewekwa mwisho wa hadithi ya kila mwenyeji. Aliyesomewa mwisho wake huwa amekamilika: kama ana homa inamtoka moja kwa moja, hafutiki yeye, haifutiki nyumba yake, wala hafutiki yeyote aliyemo ndani ya nyumba hiyo. Wakayajua yote hayo, wakabisha mara tatu, wakashuka kwenda kufutwa kwa heshima zao.

Mize naye alipanda kila asubuhi. Alimfunika mtoto, akapanda ngazi, akasimama mlangoni. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Akageuka, akashuka, akaenda kumpangusa mtoto jasho.

Kumbe ndani mlikuwa na mtu! Alikuwamo mkutubi, Bi Salha. Waliotengeneza mchezo walimpa tabia moja: haachi ukurasa katikati. Anasikia hodi ya kwanza, anainua kidole, kwamba ngoja. Anasikia ya pili, anainua kidole. Anasikia ya tatu, amebakiza mistari michache. Anamaliza. Anaweka kitabu. Anavaa makubadhi. Anakuja mlangoni taratibu, anasema, "Karibu." Hola! Mlango unafunguka kwa hewa, unajifunga. Bi Salha anakasirika. "Watu gani hawa wanabisha wanakimbia?" Anarudi kusoma. Kila siku. Kila siku, ndugu zangu! Huyu anashuka ngazi, yule anakuja mlangoni, na mtoto anaungua.

Na alikuwapo mtu aliyejua. Vuai mfinyanzi alichimba udongo wake chini ya ukuta wa maktaba. Kila asubuhi aliisikia hodi ya Mize, kisha akayasikia makubadhi ya Bi Salha, kisha akaisikia ile karibu ikipotea bure. Akanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amenuna. Wageni waliokuwa wakimtafutia Zaina dawa walikatiza uani kwake, na kila aliyekatiza alimvunjia mitungi. "Mtoto wake ndiye aliyeniletea wale washenzi," alisema moyoni. Akaendelea kukanda udongo, na mtoto akaendelea kutetemeka.

Mpaka siku moja Mize, akishuka kutoka kilimani, alipita kwake.

"Hodi, kaka Vuai."

"Karibu. Una nini?"

Mize akakaa, akanywa maji, akasema, "Nimekuja kukuomba radhi. Mitungi yako imevunjika kwa ajili ya mwanangu, na mimi sijapata kuja kukwambia pole. Naona hali yake si ya kupona. Sitaki aondoke na kinyongo cha mtu."

Vuai akaufinyanga udongo ule mkononi mpaka ukamtokea vidoleni. Halafu akapasuka.

"Hivyo wewe mwanamke, kwa nini hubishi ya nne? Yumo mtu mle! Kila siku anakuitika, na kila siku wewe umeshafika kwenye ngazi ya chini!"

"Yumo mtu?"

"Yumo!"

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Aliona haya, na haya kwa Vuai hutoka kwa sura ya hasira. Akachukua mchi wa kupondea udongo, akamwambia, "Twende."

Walipita mbio mbele ya lango. Pandu akauliza kulikoni, wakamwambia. Akalitazama lango lake. Akatazama kilima. Nyuma ya ngazi za maktaba, upande usio na ukuta wa mji, weupe ulikuwa umeanza kupenya. Pandu alijua akitoka langoni mji umekwisha. Alijua pia akiwa mbali na lango weupe unamla kama unavyomla mtu mwingine. Akasimama pale anajiuma midomo, nikadhani atauuliza weupe unatoka wapi. Kisha akatupa mkuki, akawafuata. Alipofika juu akaupa weupe kifua, akatanua mikono. "Fanyeni haraka," akasema. Na weupe ulianza na mkono wake wa kushoto.

Mlangoni, Mize akabisha mara tatu. Kimya. Ikabaki ya nne. Alifumbua mdomo, hakuiweza, jamani, mtoto anakufa na yeye anaona aibu! Vuai akamsogeza pembeni.

"Hodi! Hodi! Hodi wewe bibi kiziwi! Hodi wewe mla karatasi! Toka huko, mtoto wa watu anaungua wewe unasoma! Hodi!" Na mchi anaupigisha mlangoni. Alitukana mpaka matusi yakamwishia, akayaanza upya.

Makubadhi yakaja. "Karibu," ikasema sauti, kavu. Mlango ukafunguka. Bi Salha akawatazama.

"Aliyebisha kwa heshima apite. Wewe mwenye mchi, kitabu chako nakifunga leo. Mwisho wako hautasomwa na mtu."

Uso wa Vuai ukamshuka. Lakini alimsukuma Mize ndani, mlango ukajifunga.

Na huko ndani? Mnadhani mambo yalikwenda haraka?

"Kaa kwanza," alisema Bi Salha. "Unywe maji."

"Bibi, mwanangu..."

"Mlango haufunguki mpaka unywe. Kwani hujui ada?"

Mize akakaa. Akaletewa maji, kwa kikombe, juu ya sahani, taratibu. Akayanywa machozi yakimtoka. Nje, Pandu ameshaliwa mpaka bega.

Bi Salha akaenda rafuni, akarudi na kitabu kimoja chembamba. "Huu hapa mwisho wa Zaina. Ila umeshonwa pamoja na wako. Ili wa Zaina utoke peke yake, ukurasa mmoja wako lazima uchanwe ubaki hapa. Ndio huu, unaosema wewe ni mama yake. Ukurasa huo ukibaki, wewe utakumbuka. Yeye hatakukumbuka."

"Atapona?"

"Atapona moja kwa moja."

"Basi chana."

"Mimi sichani vitabu," Bi Salha akasema, karibu ahamaki. Mize akauchana mwenyewe.

Walishuka wote watatu mbio, Pandu akiwa na mkono mmoja. Nyuma yao weupe ukapanda ngazi za maktaba. Bi Salha alikuwa amesharudi kitini. Ulimkuta katikati ya ukurasa, na naamini aliuinulia kidole.

Weupe mwingine uliingia kwa lango lisilo na mlinzi. Ulikuwa umeshameza nyumba ya Vuai na mitungi yake yote. Pandu na Vuai wakasimama nje ya nyumba ya Mize, mwenyewe akaingia kwake, maana mlango humwachia mwenye nyumba bila karibu, akapiga magoti kando ya kitanda, akasoma. Alisoma mpaka nukta ya mwisho. Homa ikatoka. Jasho likakauka. Zaina akafumbua macho, akakaa kitako, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, shangazi."

Mize akaitikia. "Marahaba, mwanangu."

"Umeingiaje humu, shangazi? Mimi sikusikia hodi."

Sasa nisikilizeni vizuri, na mtu asinishike mkono. Mwanamke huyu hajaingia kwa mtu bila hodi tangu aumbwe. Na sasa mtoto wake mwenyewe, kwa upole, anamwambia ameingia kama mgeni. Mnajua alifanya nini? Alisimama. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Akasema, "Kweli, mwanangu. Nisamehe." Akatoka nje ili abishe hodi!

Akatoka, jamani! Akatoka! Na mlango ukajifunga nyuma yake, naye sasa ni wa kusubiri karibu kama wenzake.

Basi wako watatu nje. Ndani yumo mtoto mzima wa afya, katika nyumba pekee ya Limbuko isiyofutika. Karibu moja, mtu mmoja. Mpaka huyo akae na anywe maji, weupe umeshamaliza kazi. Na weupe wenyewe uko uani, umelamba mafiga, unakuja.

Na hawa watu wanafanya nini? "Tangulia weye, Bi Mize." "La, kaka Pandu, weye umeumia." "Mimi hapana, labda Vuai." Tangulia, tangulia, mpaka kinu kikaenda. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba ni watu na wanaogopa.

Pandu akasema, "Mimi niliacha lango langu. Nilisimama nikaliwa nikiwa hai, ili nyinyi mfike mlangoni. Angalieni, sina mkono. Nisingesimama, kingesomwa kitabu gani?"

"Usingemhoji yule mgeni," Vuai akamjibu, "dawa ingefika, na sote tusingekuwa hapa. Na ulipoacha lango nyumba yangu ikaenda. Mimi ndiye niliyeufungua ule mlango. Nilibisha hodi mliyoiogopa nyinyi nyote. Nimefungiwa mwisho wangu kwa ajili ya mtoto wa mwingine. Nina nini tena mimi? Hata mtungi mmoja sina."

"Uliisikia karibu ile kila siku," Pandu akasema, "ukanyamaza kwa ajili ya vigae."

Wakamgeukia Mize. Mize alikuwa ameweka kiganja juu ya mlango.

"Mimi ni mama yake," akasema.

"Ukurasa hausemi hivyo tena," Vuai akasema, na mara akajuta, akatazama chini. Lakini alikwisha kusema. "Tena ulikuwamo ndani, Bi Mize. Ulikuwamo! Ungekaa tu, ungemwambia mtoto akupe maji, sasa hivi tungekuwa tunagombana wawili. Nani alikutoa?"

"Angeniogopa," Mize akasema. "Ameamka leo kwa mara ya kwanza na hana homa ya kurudia. Sikutaka kitu cha kwanza akione kiwe mtu asiyemjua amekaa kitandani kwake. Pandu akiingia, anamjua, atamcheka ndevu. Weye ukiingia, anakujua, utamfundisha kazi ya mikono. Mimi ananiita shangazi. Ila nani anajua kwamba uji wake hupoozwa kwanza? Nani anajua kwamba akiota huita, na akiitwa hunyamaza?"

Weupe ukagusa kizingiti cha baraza.

Pandu akabisha hodi. Vuai akabisha hodi, kwa adabu safari hii, maana amekwisha kufunzwa. Mize akabisha hodi. Wakabisha ya pili. Ndani, Zaina ameshuka kitandani, miguu yake inamshangaza kwa nguvu, amekuja mpaka nyuma ya mlango, anazisikia sauti: moja ya mlinzi, moja ya mfinyanzi, moja ya shangazi asiyemjua ambaye sauti yake, hajui kwa nini, inamfanya atamani uji.

Na asije mtu hapa akaniambia "wote watatu". Kila ninaposimulia hupatikana mjuaji wa kuniambia "wote watatu". Nimesema nini mwanzoni? Karibu moja! Wala msiniambie mtarudi mchezoni mkawaokoe. Mmeshaufuta, na nilikuwapo mkiufuta.

Mtoto amefumbua mdomo, anataka kuitikia jina moja. Hodi ya tatu imekwisha kubishwa, na watu hawa mnawajua sasa: hawatabisha ya nne, wameshaanza kugeuka. Semeni upesi. Je, nani alistahili kuitikiwa?